Mwaka Tulioanza Kuwauliza Wateja Wanakotoka

Muthoni, na ninyi wenzake mnaosimama kwenye kaunta za supamaketi hapa Nyeri na kule Karatina, haya nayaandika kwa sababu ya yule mzee aliyewaachia unga na sukari juu ya kaunta akaenda zake. Muthoni ni mjukuu wangu. Alirudi nyumbani siku hiyo amenuna, akasema meneja amewaagiza wamwombe kila anayelipa namba ya simu na jina, na kwamba wazee ndio wanaowasumbua zaidi. "Cucu, sikumwomba pesa," aliniambia. "Nilimwomba namba tu."

Sikumjibu vizuri. Nilikuwa napepeta maharagwe, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu kuliko maharagwe yenyewe. Basi nalileta hapa. Msinichukulie vibaya nikirukaruka, maana kichwa cha mtu aliyeuza dukani maisha yake yote kimepangwa kama stoo ya duka, vitu vyote vimo lakini si kwa mstari.

Mimi pia nilisimama kaunta. Niliingia duka la Mzee Twalib miaka michache baada ya uhuru, msichana wa darasa la saba mwenye viatu vya kuazima, nikatoka magoti yalipokataa. Tuliuza mablanketi, taa za chemni, redio, cherehani, na stovu zile za mafuta ya taa zinazopigwa pampu. Mzee Twalib alizaliwa Majengo hapahapa mjini. Baba yake aliletwa na vita vya Wazungu kama mpishi wa askari, akabaki, akaoa mwanamke wa Tetu. Kwa hiyo Mzee alisema Kikuyu kama sisi, na Kiswahili alitushinda wote. Nilipomwambia mteja wa kwanza kwamba "blanketi yako iko mzuri", Mzee alikohoa nyuma yangu. "Blanketi lako ni zuri, binti," alisema. "Hata kama halinunuliwi, lisemwe vizuri." Mteja alicheka, akalinunua.

Aliyonifundisha mengine hayakuwa ya Kiswahili. Alinifundisha kukata uzi wa kufungia vifurushi kwa kidole, bila mkasi. Alinifundisha kuwasha stovu mbele ya mnunuzi, kwanza spiriti kidogo, kungoja, kisha pampu polepole huku sikio likisikiliza, kwa sababu stovu nzima ina sauti moja tu na stovu mbovu inapiga mluzi. Na alinifundisha jambo ambalo sijaona likifundishwa kwenye supamaketi zenu. Zamani akina mama walifunga pesa kwenye pembe ya leso na leso wakaiweka kifuani. Mama akianza kufungua lile fundo, wewe tafuta kazi ya kufanya. Geuka, panga chemni, pangusa redio. Usimkodolee macho. "Mtu anayelipa yuko uchi kidogo," Mzee aliniambia. "Mpe nafasi avae."

Sasa mkumbuke kwamba ni mtu huyohuyo, mwenye maneno kama hayo, aliyetuletea ile habari ya majina.

Alikuwa ameenda Nairobi kununua mali, akaingia duka moja kubwa. Alipolipa, karani alimuuliza jina na sanduku lake la posta, na mwisho wa mwaka akapokea kalenda yenye picha ya maua na maneno ya kumshukuru. Mzee aliitundika sebuleni, akawa anawaonyesha wageni. Hakuna mtu aliyewahi kumwandikia asante kwa kununua kitu. Akasema na sisi tutafanya hivyo. Kila mteja, akilipa, aulizwe jina, sanduku na mahali anapotoka, yaandikwe, na mwaka ukiisha apelekewe kalenda. Nilifurahi mno. Niliona tumekuwa duka la mjini kwelikweli.

Siku za kwanza tulicheka sana. Watu hawakuwa na masanduku. Waliokuwa nayo walikuwa shule, kanisa na chama cha kahawa, kwa hiyo nusu ya wateja wetu, ukiamini walivyosema, walikuwa wanaishi ndani ya sanduku la misheni. Akina mama walinipa majina ya watoto wao, nikawa na Mama Wambui wengi mpaka nikawa siwezi kuwatofautisha isipokuwa kwa walichonunua: Mama Wambui wa chemni, Mama Wambui wa blanketi jekundu. Mfugaji mmoja kutoka Doldol, aliyekuwa ameuza ng'ombe na anataka redio, alinisikiliza kwa heshima, akafikiri, akasema, "Mimi iko pahali ngombe iko. Sasa ngombe iko juu. Mvua ikikuja itakuwa chini." Nikaandika Doldol, juu au chini. Na kulikuwa na kijana wa Othaya aliyerudi kununua betri kila Jumamosi, na kila akirudi alitaka kuniandikisha upya jina lake na mahali anapokaa, isije ikawa nimesahau. Huyo ndiye babu yenu, Muthoni, lakini tuyaache.

Halafu akaja yule mama.

Alikuwa mrefu, amenyooka, mzee kuliko mama yangu, masikio yametobolewa kwa desturi ya zamani na kiondo mgongoni. Alitaka stovu. Alikuwa na mjukuu mchanga nyumbani ambaye mama yake alifariki, na kuni zikiwa mbichi maziwa yalichelewa kuchemka, mtoto akalia. Tulizungumza kwa Kikuyu, na alizungumza vizuri, bila haraka. Aliniambia maji ya kwao ni ya baridi hata mwezi wa jua, na kwamba amekuja na lori la maziwa na atarudi nalo likirudisha madebe matupu. Nikamwashia stovu, akainama kuisikiliza kama nilivyoisikiliza mimi. Ikalia vizuri. Akafungua leso, nikapanga chemni. Akalipa.

Nikachukua kalamu, nikamuuliza jina lake na anakotoka.

"Ya nini?" aliuliza.

Nikamwambia tunaandika kila mtu.

"Kila mtu," alirudia. Hakuwa akiniangalia mimi, alikuwa akiangalia kalamu. Uso uliokuwa umechangamka ulifungwa, ukawa kama wa mtu nisiyewahi kusema naye. "Mimi niliandikwa mara moja," alisema. "Inatosha."

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya kalenda. Mzee Twalib aliniwahi. Alitoka nyuma, akafunga ile stovu ndani ya sanduku lake kwa mikono yake mwenyewe, akampa mama yule kwa mikono miwili, akamtakia safari njema. Mama akatoka bila kugeuka.

Nilimuuliza Mzee kwa nini hakuniacha nimweleze. Alikaa juu ya debe. Kisha akaniambia mambo ambayo nilikuwa mtoto mchanga yalipotokea, na ambayo kwetu hayakusemwa. Kwamba wakati wa hali ya hatari, kabla ya uhuru, Wazungu walipowasaka wapiganaji wa msituni, watu wa mji huu na wa vijijini waliketishwa uwanjani, mikono kichwani, wakapitishwa mmojammoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Mtu wa gunia alitikisa kichwa kuonyesha huyu ni mmoja wao, na karani aliyekuwa kando na meza yake aliuliza jina na mahali unapotoka. Wengine waliotaja majina yao mbele ya meza ile hawakuonekana tena. Mzee alisema yeye mwenyewe aliachiliwa kwa sababu ya kofia yake ya Kiislamu, na kwamba kaka wa mama yake, waliyekuwa wameketi naye bega kwa bega, hakuachiliwa.

"Nimekaa hapa naionea fahari kalenda," alisema, "wala sikukumbuka meza."

Jioni nilimuuliza mama yangu kama na yeye aliandikwa. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya. Alisema ndiyo, jina lake lilisomwa kila asubuhi kijijini, na waliosomwa walikwenda kuchimba ule mtaro mrefu wa kandokando ya msitu, na yeye alikuwa ananinyonyesha, na nililazwa kwenye udongo uliochimbwa. Kisha akaniambia niende nikafungie kuku. Hakuwahi kuyarudia mpaka alipofariki.

Tuliendelea kuuliza, lakini kwa sauti ya chini, na anayekataa tukamwacha. Hapo ningeweza kumalizia kama isingekuwa zile stovu.

Haukupita muda, simu ikalia dukani. Ilikuwa simu ya kupitia opereta, unapiga kelele mpaka jirani anajua habari zako. Aliyetuuzia stovu kule Nairobi alisema zile za mwisho zilizotoka kwake zina kasoro, tangi halikuunganishwa sawasawa, na moja imepasuka Kianyaga ikamuunguza mwalimu mikono yote miwili. Tusiuze nyingine, na tulizokwisha kuuza tuzirudishe.

Nataka niwe mkweli kwenu hapa, maana sitaki mfikiri nasema kuandika majina ni ubaya mtupu. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa majina. Tulituma ujumbe kanisani, shuleni, kwenye chama cha kahawa, kwa makondakta, na stovu zikaanza kurudi zikiwa zimebebwa kwa tahadhari kama mayai. Mama Wambui mmoja alileta yake ikiwa imefungwa ndani ya blanketi jekundu, hivyo nikajua ni yupi. Lakini yule mama mrefu hatukuwa na jina lake wala mahali pake. Na mtoto mchanga alikuwa jikoni kwake.

Tulichokuwa nacho ni lori la maziwa. Nilimsubiri dereva kituoni akishusha madebe, nikamuuliza. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mama mrefu na sanduku mpya? Niko na yeye kwa akili," alisema. "Alishuka juu kabisa, pahali barabara inaisha. Lakini nyumba sijui, ati alienda na miguu."

Mzee Twalib hakufunga duka siku za kazi isipokuwa kwa sala ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne ya soko na alilifunga, wateja wakiwa mlangoni. Tuliingia kwenye pikapu yake tukapanda kuelekea Tetu, mvua inanyesha, hadi pale barabara inapogeuka kuwa matope na majani ya chai. Gari likakwama. Tukalisukuma, likakwama tena, tukaliacha.

Tulianza kuuliza. Mzee alimuuliza mwanamume aliyekuwa anarekebisha ua wake kama anamjua mama mrefu, mzee, mwenye mjukuu mchanga, aliyenunua stovu mjini. Mwanamume alisema hamjui. Tukauliza kwenye duka dogo la chumvi na kiberiti, wakasema hawamjui. Tukamuuliza mama aliyekuwa anateka maji, akasema kwa upole kwamba kijiji hicho hakina wazee. Nyuma yake kulikuwa na wazee watatu wameketi kwenye baraza, wakituangalia.

Hapo nikaelewa. Watu wawili wametoka mjini na gari, mmoja ana koti na kofia, wanamtafuta mwanamke bila kumtaja jina, wanataka kuonyeshwa nyumba yake. Nani angetuonyesha? Hata mimi nisingetuonyesha. Mzee alikuwa anajaribu kueleza habari ya tangi na Nairobi, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyofungwa, kama ule uso nilioufunga mimi kwa kalamu. Na mimi nilikuwa nasikia stovu kichwani, inapigwa pampu.

Shambani kando ya njia kulikuwa na wanawake wanachuma chai, vikapu mgongoni, hawakusimamisha mikono yao. Nilikwenda nikasimama mbele yao kwenye mvua. Sikuuliza chochote. Nilijitaja. Nilisema mimi ni Nyawira binti wa Kariuki, mama yangu ni Wangui, nyanya yangu aliyenipa jina alizaliwa upande wa pili wa mto, na ukoo wetu nikautaja. Nikataja mahali nyumba yetu ilipo, mti ulio mlangoni, na shule niliyosoma. Nikasema mama yangu alichimba mtaro huko juu akiwa na mimi, na kwamba nilimuuzia mama mmoja wa hapa kitu ambacho kinaweza kumuua, na sitaki kujua jina lake, nataka tu mtu mmoja akimbie akamwambie asiiwashe.

Mikono ilisimama. Mwanamke mmoja, wa umri wa mama yangu, aliuliza mama yangu alichimba upande gani. Nikamwambia. Akauliza kama alikuwa na kovu kwenye kifundo cha mguu. Nikasema analo. Akashusha kikapu chake chini.

"Nifuateni," alisema, akakimbia.

Tuliisikia kabla ya kufika. Ilikuwa inapiga mluzi. Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya udongo, na mama yule alikuwa amechuchumaa, mtoto mgongoni, sufuria ya maziwa juu ya moto wa bluu, na anaongeza pampu kwa sababu aliona nguvu inapungua. Mzee Twalib, ambaye hakuwa kijana, aliinama akaingia akamwambia, kwa sauti ileile ya kuuzia mablanketi, "Mama, toka nje na mtoto, tafadhali. Usiiguse tena." Mama akatoka. Mzee alivua koti lake lililolowa maji, akalizungushia tangi, akafungua kile kiskrubu cha kutolea pumzi. Ilitoa mvuke wa mafuta kwa sauti ya nyoka. Moto ukarukaruka, ukazima. Alipoibeba nje kwenye nyasi na kulifunua koti, tuliona mafuta yanachuruzika kwenye kiungo chote cha tangi, na koti limeunguzwa mahali pa ukubwa wa kiganja. Kofia yake ilikuwa imedondoka kwenye nyasi, naye hakuiona. Nilimrudishia mimi.

Mama mrefu hakupiga kelele. Alimtazama Mzee, akatazama stovu, akamshusha mtoto mgongoni akamchungulia uso, mikono na miguu, moja baada ya nyingine. Kisha akarudi ndani akawasha kuni mbichi kwenye mafiga yake matatu, akatupikia uji. Ulichukua muda mrefu na moshi ulitutoa machozi sote, ikawa hakuna aliyejua nani analia kwa nini.

Wiki iliyofuata Mzee alimpelekea stovu ya aina nyingine, nzito, ya shaba. Kwenye duka letu kuuliza majina kulikoma. Mtu akitaka kutuachia jina lake, kwa mfano kama anasubiri kipuri cha cherehani, tulimwambia kwanza sisi ni nani, ni la nini, na nani atalisoma, kisha tukamngoja. Wengi walitupa. Zile kalenda zilichapishwa hata hivyo, maana alikwisha kuzilipia, na kila aliyeingia alipewa moja mkononi, amenunua au hakununua. Ndiyo kusema, Muthoni, meneja wako akikuagiza uombe namba, wewe hutaweza kumkatalia, najua, kazi ni kazi. Lakini una jina kwenye kile kibandiko kifuani. Lisome kwa sauti kwanza. Mwambie mzee namba ni ya nini. Akisema hapana, mfungie sukari yake vizuri umpe kwa mikono miwili.

Nimeruka jambo moja. Tulipokuwa tunaondoka siku ile, mvua imekatika, Mzee ametangulia kwenda kuliangalia gari, mama yule alinisindikiza mpaka kwenye ua. Alikuwa amembeba mtoto upande wa moyo. Aliniambia amesikia kwamba nilisimama mvuani nikajitaja ukoo mzima mbele ya wachuma chai kama bibi harusi. Nikacheka kwa aibu. Akaniuliza kama nimebeba ile kalamu.

Nikamwambia nimeiacha dukani.

"Vizuri," alisema.

Akanishika mkono, akaniambia jina lake. Akaniambia na la mume wake. Kisha akaniambia majina ya vijana wake wawili, mkubwa na mdogo, ambao waliulizwa mbele ya meza ile, wakajibu vizuri kama walivyofunzwa na wazazi wao kuwajibu watu wazima, wakapandishwa lori na hawakurudi. Alisema hajayataja mbele ya mgeni tangu siku hiyo. Alinifanya niyarudie yote manne, mpaka akaridhika kwamba ninayatamka sawasawa.

Bado ninayatamka sawasawa. Huyataja asubuhi nikisali, baada ya jina la mama yangu, na sijawahi kuyaandika mahali popote.